UZI: Bendi ikibadilisha mtindo, ni kipi hasa kilichobadilika?

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wapenzi wa muziki,

Mjadala wa bendi kubadilisha mtindo hukwama mapema. Upande mmoja husema bendi imewatupa mashabiki walioijenga, upande wa pili hujibu kwamba mwanamuziki hawezi kulazimishwa kurudia kazi ileile miaka thelathini, na baada ya hapo haliongezwi jambo ila majina ya albamu. Naomba tulitazame suala hili kwa njia nyingine. Dai langu ni kwamba kila bendi ina mahali pamoja au pawili ambapo utambulisho wake umekaa, na msikilizaji huvumilia karibu mabadiliko mengine yote mradi mahali hapo hapajaguswa. Pakiguswa, hata kama wanamuziki ni walewale na jina ni lilelile, atakwambia kwamba hii si bendi anayoijua.

Nianze na bendi ambayo husemwa haijawahi kubadilika. AC/DC ilianzishwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki Februari 1980, na ilipofika Julai ya mwaka huohuo wakatoa Back in Black wakiwa na Brian Johnson, mtu mwenye sauti nyingine kabisa. Bendi ikimpoteza mwimbaji huhesabiwa kuwa imepoteza sura yake, lakini albamu hiyo iliingia katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi duniani. Naamini sababu ni kwamba utambulisho wa AC/DC haukuwa kooni mwa mwimbaji. Ulikuwa katika mkono wa kulia wa Malcolm, aliyepiga gitaa la ridhimu kwa nguvu lakini kwa mlio safi, akiacha nafasi kati ya pigo moja na jingine, huku dramu zikienda moja kwa moja bila mapambo. Malcolm alipostaafu mwaka 2014 kwa sababu ya maradhi, nafasi yake hakupewa mpigaji maarufu kutoka nje. Alipewa Stevie Young, mtoto wa kaka yake, ambaye aliwahi kuishika nafasi hiyohiyo katika ziara ya mwaka 1988. Mwimbaji walimtafuta miongoni mwa wageni, ila gitaa la ridhimu halikutoka nje ya ukoo. Mtu anayejua hazina yake iko wapi ndivyo anavyofanya.

Sasa tuangalie bendi ambayo watu hawakubadilika lakini sauti ilibadilika. ZZ Top walikuwa watu watatu walewale tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi Dusty Hill alipofariki mwaka 2021. Walianza na bluzi ya Texas, gitaa, besi na dramu, basi. Mwaka 1983 wakatoa Eliminator, ambayo ndani yake kuna sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti) na midundo iliyonyooka kama ya mashine, vitu ambavyo bendi nyingi za bluzi zilivichukia wakati huo. Ndiyo iliyokuja kuwa albamu yao iliyouzwa kuliko zote, na mashabiki wa zamani hawakuikimbia kwa wingi. Sikilizeni gitaa la Billy Gibbons humo ndani: ule mlio mnene na ile tabia yake ya kubana nyuzi hadi zitoe kilio chembamba vipo palepale. Chini ya gitaa walibadilisha kila kitu, na gitaa lenyewe wakaliacha.

Queen wanaonyesha pande zote mbili za jambo hili kwa wakati mmoja. Kwenye majalada ya albamu zao za miaka ya 1970 waliandika kwa majivuno kwamba hawakutumia sinthesaiza. Mwaka 1980, katika The Game, wakaitumia, na albamu ikaongoza chati za Uingereza na Marekani bila mtu kudai fidia. Miaka miwili baadaye wakatoa Hot Space, na hapo lawama zikaanza ambazo hazijaisha mpaka leo. Wengi husema tatizo lilikuwa disko. Mimi nasema tatizo lilikuwa kwamba katika sehemu kubwa ya albamu hiyo gitaa la Brian May lilisukumwa nyuma na ile kwaya ya sauti zao ikapunguzwa, na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa Queen. Sinthesaiza ilipoongezwa juu ya gitaa, hakuna aliyelalamika, lakini iliposhika nafasi ya gitaa, kila mtu alisikia.

Karibu na nyumbani tuna OK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo. Tangu mwaka 1956 hadi alipofariki Oktoba 1989, Franco Luambo Makiadi alipitisha katika bendi ile waimbaji na wapigaji wasiohesabika: Vicky Longomba, Simaro Lutumba, Sam Mangwana, Josky Kiambukuta, Ntesa Dalienst, Madilu System na wengine. Rumba ya mwaka 1958 na ile ya mwaka 1985 hazifanani kwa urefu, kwa idadi ya magitaa, wala kwa namna ya kusimulia hadithi ndani ya wimbo. Hata hivyo, sekunde chache za gitaa la Franco zinatosha kukuambia uko wapi. Bendi ilipobaki bila yeye, wanamuziki walioijenga walikuwa wangali hai na hodari, lakini haikupita miaka mitano kabla ya kuvunjika, na Simaro akaongoza kundi jipya lililoitwa Bana OK.

Kuna kesi moja inayoutia dai langu katika majaribu, nami sitaki kuificha. Radiohead ni watu watano walewale tangu mwaka 1985. Mwaka 1997 walitoa OK Computer, albamu ya magitaa iliyosifiwa kila kona, kisha mwaka 2000 wakatoa Kid A, ambayo magitaa karibu yametoweka na mahali pake kuna vinanda, kompyuta na sauti zilizokatwakatwa. Kwa kipimo changu walipaswa kupoteza kila kitu, kwa sababu wapiga magitaa watatu ndani ya bendi moja si jambo dogo. Badala yake albamu iliingia namba moja Uingereza na Marekani. Ninalo jibu langu, lakini ningependa kusikia yenu kwanza.

---

#2 MsomaMajalada

Ndugu mwanzisha uzi, hoja yako imejengwa vizuri, ila naona umechagua mifano inayokupendelea. Ukimaliza Radiohead, niwekee Fleetwood Mac mezani.

Bendi hiyo iliundwa mwaka 1967 na Peter Green, mpiga gitaa wa bluzi ambaye hata jina la bendi alilitoa katika majina ya mpiga dramu wake, Mick Fleetwood, na mpiga besi aliyemtaka, John McVie. Green aliondoka mwaka 1970. Wapiga gitaa wakaja na kwenda, kisha mwanzoni mwa mwaka 1975 wakaingia Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, na mwaka 1977 ikatoka Rumours, ambayo imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani. Kilichobaki kutoka mwaka 1967 ni dramu na besi peke yake. Ukifuata kanuni uliyoitumia kwa AC/DC, kwamba msingi wa chini ukibaki bendi imebaki, basi Fleetwood Mac hawakubadilika. Ukweli ni kwamba walibadilika kutoka bluzi nzito ya Uingereza hadi popu ya California, na mtu aliyeipenda bluzi ile ana haki ya kusema kwamba bendi yake ilikufa mwaka 1970.

Genesis nao wana kisa cha aina hiyo. Peter Gabriel aliondoka mwaka 1975, mpiga dramu Phil Collins akashika maikrofoni, na albamu iliyofuata mwaka 1976 ilikuwa na nyimbo ndefu zilezile zenye mizunguko mingi. Mashabiki wakapumua. Lakini ilipofika katikati ya miaka ya 1980 bendi ilikuwa ikitoa nyimbo fupi za redio ambazo shabiki wa mwaka 1973 hangezitambua. Haukutokea mpasuko wowote katika miaka hiyo kumi isipokuwa kuondoka kwa mpiga gitaa Steve Hackett mwaka 1977. Mtindo uliyeyuka polepole, albamu kwa albamu, na hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema kwamba leo ndipo palipoguswa.

Kwa hiyo nadhani umesahau jambo la msingi, nalo ni nani anayetunga. Mpigaji huleta mlio, lakini mtunzi ndiye anayeamua wimbo utakuwa wa aina gani kabla mlio haujaanza.

---

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu MsomaMajalada, Fleetwood Mac ni mfano mzuri kuliko unavyodhani. Sikusema kwamba utambulisho hukaa chini kila mara. Nilisema kila bendi ina mahali pake. Kwa Fleetwood Mac ya Green, mahali hapo palikuwa gitaa na sauti ya Green mwenyewe, na alipoondoka pakabaki patupu kwa karibu miaka mitano. Sikilizeni albamu za katikati, za kati ya mwaka 1970 na 1974: zina nyimbo nzuri, lakini ni bendi inayotafuta mwenyeji. Buckingham na Nicks hawakuubadilisha mtindo uliokuwapo, walikuta nafasi iko wazi wakaingia.

Kuhusu utunzi nakubaliana nawe, na nitaongeza jambo moja. Katika bendi nyingi mtunzi na mwenye mlio ni mtu mmoja, ndiyo maana tunavichanganya vitu hivyo viwili. Pale vinapotengana ndipo mambo hunoga. Queen walikuwa wanne na wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma, kila mmoja kwa ladha yake, na bado ulijua ni Queen kwa sababu nyimbo zote zilipitia katika kwaya ileile na gitaa lilelile.

---

#4 Santuri45

Naomba nirudi kwa OK Jazz, kwa sababu mwanzisha uzi amegusia urefu wa nyimbo kisha akapita, na hapo ndipo pana utamu.

Mabadiliko mengi tunayoyaita ya kimtindo yaliletwa na chombo cha kurekodia. Santuri ya zamani iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande. Rumba ya miaka ya 1950 iliyorekodiwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilibidi iingie humo: aya chache, kiitikio, gitaa kidogo, mwisho. Katika baa usiku wapigaji walikuwa huru kurefusha sehemu ya kucheza kadiri wachezaji walivyotaka, ila santuri haikuwa na nafasi ya kutuonyesha. Zilipokuja santuri ndogo za mizunguko 45, bendi zikaanza kuukata wimbo vipande viwili, upande wa kwanza maneno na upande wa pili sebene, yaani ile sehemu ya kucheza. Kisha santuri kubwa, yenye dakika ishirini na ushee kila upande, ikaturuhusu kusikia katika miaka ya 1980 nyimbo za Franco zenye dakika kumi na zaidi, ambazo anasimulia, anahoji, anajibizana na Madilu, na sebene inakuja kwa wakati wake. Mtu akilinganisha rekodi hizo mbili atasema OK Jazz ilibadilika sana, ilhali sehemu ya tofauti hiyo ni nafasi tu.

Lipo pia jambo ambalo OK Jazz waliamua kutolibadilisha. Mwishoni mwa mwaka 1969 vijana wa Kinshasa walianzisha Zaiko Langa Langa, bendi isiyo na tarumbeta wala saksafoni, iliyosukuma dramu mbele na kuifanya sebene kuwa kiini cha wimbo. Makundi mengi yaliyofuata yakapita njia hiyo. Franco aliyasikia yote, na katika bendi yake tarumbeta na saksafoni zilibaki hadi mwisho. Tunaposema bendi fulani imedumu na mtindo wake tusidhani ilikuwa imelala, kwa maana kubakiza wapulizaji ilhali jiji zima limewaacha ni uamuzi unaogharimu, na hufanywa upya kila mwaka.

---

#5 MtuWaDansi

Santuri45 amenifungulia mlango. Katika muziki wa dansi wa Tanzania jambo hili lilikuwa wazi kuliko kwingineko, kwa sababu bendi ilitangaza mtindo wake kwa jina. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Maquis walikuwa na Ogelea Piga Mbizi. Ulikwenda kucheza mtindo, na mtindo ulihesabiwa kuwa mali ya bendi kama vile magitaa na vipaza sauti.

Tazameni kilichotokea. Chama kilipobadilishwa jina, bendi nayo ikabadilishwa: kutoka NUTA ikawa JUWATA, baadaye ikawa OTTU. Wanamuziki wakaingia na kutoka. Mwisho wa yote bendi ikaitwa Msondo Ngoma, yaani mtindo ndio uliobaki na kulimeza jina la bendi. Sijui bendi nyingine duniani iliyothibitisha dai la mwanzisha uzi kwa uwazi wa namna hiyo.

Lakini upo upande unaolipinga. Muhidin Maalim Gurumo, sauti iliyotambulika na kila mtu katika Msondo, aliondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park. Baada ya muda mfupi Sikinde ikawa mshindani mkubwa wa Msondo, na watu walizigawa bendi hizo mbili wakiapa kwamba hazifanani hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 Gurumo akahamia International Orchestra Safari Sound, na huko mtindo ukaitwa Ndekule. Baadaye alirudi Msondo. Kama utambulisho hukaa katika mtu, basi Msondo, Sikinde na Ndekule zingekuwa kitu kimoja, kwa maana mtu alikuwa yuleyule na sauti ileile. Hazikuwa. Mlimani Park walikuwa na Michael Enoch aliyepanga vyombo, walikuwa na gitaa la solo la Joseph Mulenga, na walikuwa na namna yao ya kuwaweka wapulizaji baada ya aya. Mwimbaji alipoingia humo alivaa mtindo wa humo.

Kwa hiyo ningependa kulirekebisha dai kidogo: wakati mwingine utambulisho hukaa katika mpangilio wa vyombo, na mpangilio unaweza kufundishwa. Kijana akijiunga leo anaonyeshwa gitaa la pili linapita wapi na wapulizaji wanaingia lini, na baada ya mazoezi ya kutosha bendi inasikika kama ilivyosikika kabla hajazaliwa. AC/DC walihitaji ukoo. Msondo ilihitaji mazoezi.

---

#6 MpigaBesi

Nazungumza kama mtu anayepiga, si kama mchambuzi. Wengi wenu mnazungumzia mabadiliko makubwa ambayo bendi huyaamua kikaoni. Mimi nataka kutaja yale yanayotokea bila kikao.

La kwanza ni umri wa mwimbaji. Sauti hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na bendi hujibu kwa kushusha ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unachopigwa, nusu toni, kisha toni nzima. Msikilizaji wa kawaida hajui kilichofanyika, lakini anahisi wimbo umekuwa mzito. Ana haki, kwa sababu mpiga gitaa akilegeza nyuzi zake zote nusu toni, mlio wenyewe hubadilika. Nyuzi zilizolegea zina mvumo zaidi na makali pungufu. Akiamua kutolegeza nyuzi bali kuhamisha vidole, atapoteza zile nyuzi tupu, zisizobanwa na kidole, zilizokuwa zikilia ndani ya wimbo, na hizo mara nyingi ndizo zilizokuwa ladha yenyewe. Wapulizaji ndio huumia zaidi. Wimbo uliokuwa katika ufunguo usio na alama yoyote kwa mpiga tarumbeta, ukishushwa nusu toni, unamwangukia katika ufunguo wenye alama tano za kupandisha, na vifungu alivyokuwa akivicheza amefumba macho sasa vinamtaka ahesabu vidole. Matokeo yake huvirahisisha. Baada ya miaka michache mtindo wa wapulizaji umebadilika, na hakuna aliyeamua.

La pili ni kasi. Jukwaani bendi hukimbia, kwa sababu ya msisimko na kwa sababu wimbo uliopigwa mara nyingi huwa mwepesi mikononi. Wimbo wa rekodi ukiusikia kwenye onyesho la miaka kumi baadaye, mara nyingi uko mbele. Kisha bendi huingia studio na mazoea hayo, au kinyume chake prodyuza huwawekea mlio wa kuhesabia masikioni, na ile tabia ya kuharakisha kidogo kwenye kiitikio, ambayo ilikuwa uhai wa bendi, hunyooshwa ikapotea. Nimewahi kuona wanamuziki wakishindwa kuelewa kwa nini rekodi yao mpya imepoa wakati kila noti iko mahali pake.

Kwa hiyo ndugu MsomaMajalada anaposema Genesis waliyeyuka polepole, mimi sishangai. Bendi isiyofanya chochote hubadilika yenyewe, na inayotaka kubaki ilivyo lazima ifanye kazi ya makusudi.

---

#7 Mwanzisha uzi

MpigaBesi, mchango wako ndio niliokuwa nikiutafuta. Unanikumbusha Ramones, ambao kuanzia mwaka 1974 hadi walipoachana mwaka 1996 walifanya maonyesho 2,263 ya muziki unaosikika kama wimbo mmoja mrefu. Watu hudhani huo ni uvivu. Johnny Ramone alipiga gitaa kwa mapigo ya kushuka tu, mkono haurudi juu, kwa kasi ile, onyesho zima. Jaribuni kwa dakika tano muone mkono utakavyouma. Mwaka 1980 walifanya kazi na prodyuza Phil Spector ili wapate wimbo wa redio, wakapata nafasi ya juu kuliko albamu zao nyingine zote katika chati ya Marekani, na bado Johnny hakuipenda kazi ile. Alijua nini kilikuwa kimefunikwa.

---

#8 MsomaMajalada

Mbona hakuna aliyetaja soko? Tunazungumza kana kwamba bendi huishi kwa hewa.

Bee Gees walikuwa ndugu watatu walioimba nyimbo za huzuni za taratibu tangu mwaka 1967. Walipokaribia kusahaulika walikwenda Miami, wakafanya kazi na prodyuza Arif Mardin, na katika albamu ya mwaka 1975 Barry Gibb akaanza kutumia ile sauti ya juu ya kichwani ambayo dunia nzima iliijua baada ya Saturday Night Fever mwaka 1977. Ni bendi ileile, watu walewale, na utambulisho mpya uliotengenezwa wakiwa tayari wana miaka mingi kazini. Kisha disko ikapigwa vita Marekani. Julai 1979 watu walikusanyika katika uwanja wa besiboli Chicago kulipua santuri za disko, na redio nyingi zikaacha kupiga nyimbo za Bee Gees. Wakafanya nini? Wakaanza kuwatungia wengine: albamu ya Barbra Streisand mwaka 1980, wimbo wa Kenny Rogers na Dolly Parton mwaka 1983. Nyimbo hizo zilivuma kwenye redio zilezile zilizokuwa zimewafungia mlango. Watu walichukia ile sauti, na utunzi wakaendelea kuununua bila kujua.

Hapa mwanzisha uzi anapata ushahidi na mimi napata wangu. Yeye atasema utambulisho ulikuwa katika sauti. Mimi nasema ulikuwa katika utunzi, na sauti ilikuwa vazi.

---

#9 Santuri45

Vipi kuhusu wanaoondoka kisha wakarudi? Metallica walijenga jina kwa metali ya kasi katika miaka ya 1980. Mwaka 1991, wakiwa na prodyuza Bob Rock, walipunguza kasi na kufupisha nyimbo, wakauza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani pekee. Mwaka 1996 wakaenda mbali zaidi na Load, wakakata na nywele, na sikumbuki kama mashabiki waliumizwa zaidi na muziki au na nywele. Mwaka 2003 wakatoa albamu isiyo na solo hata moja ya gitaa. Ndipo mwaka 2008, wakiwa na Rick Rubin, wakatoa Death Magnetic: nyimbo ndefu, kasi, solo zimerudi.

Nilipoisikiliza nilifurahi, kisha nikaona kinachokosekana. Mwaka 1986 walikuwa hawajui kwamba wana mtindo. Waliandika walichokisikia vichwani. Mwaka 2008 walikuwa wanajua kabisa mtindo wa Metallica unatakiwa uweje, na unawasikia wakikumbuka. Ni kazi nzuri, naisikiliza hadi leo, lakini ni ya watu wanaojiiga wenyewe. Bendi iliyoacha njia yake haiwezi kurudi mahali ilipokuwa, kwa kuwa safari hii inarudi ikiwa na ramani.

---

#10 Mwanzisha uzi

Nilitoa ahadi kuhusu Radiohead, na maelezo ya Santuri45 yananirahisishia.

Watu walioipenda OK Computer walidhani wanapenda magitaa. Walichokuwa wakikipenda, kwa maoni yangu, kilikuwa sauti ya Thom Yorke ikiwa peke yake ndani ya mahali pasipo rafiki, na ile namna ya bendi kuanza wimbo kwa utulivu kisha kuujaza hadi ukuta uiname. Katika Kid A mahali pale pasipo rafiki palijengwa kwa kompyuta badala ya magitaa, ila mtu aliyekuwa amesimama ndani yake alikuwa yuleyule. Wapiga magitaa walilazimika kukaa katika baadhi ya nyimbo bila kazi, jambo ambalo lingeivunja bendi nyingine yoyote, na nadhani hapo ndipo ugumu halisi ulipokuwa, kwao wenyewe zaidi kuliko kwa msikilizaji.

Kwa ndugu MtuWaDansi, hoja yako ya mpangilio unaofundishika imenipa swali ambalo sikuwa nalo nilipoanzisha uzi huu. Iwapo Msondo inaweza kuendelea kwa mazoezi baada ya waanzilishi wake kuondoka, kwa nini OK Jazz haikuweza? Wapigaji walikuwapo, mpangilio ulijulikana, Simaro alikuwa amekaa humo tangu mwaka 1961. Nashuku jibu liko katika umiliki. NUTA na warithi wake ilikuwa bendi ya chama, vyombo vilikuwa vya chama, na mwanamuziki aliyeondoka aliacha kiti kinachosubiri mwingine. OK Jazz ilikuwa ya Franco, kuanzia vyombo hadi mikataba. Alipofariki, mtindo ungeweza kurithiwa, lakini bendi yenyewe haikuwa na kiti cha kumkalisha mrithi. Mwenye kumbukumbu za mwaka 1989 hadi 1994 kuhusu mazungumzo kati ya wanamuziki na familia aendelee kutoka hapa.